Mapengo ya Sura ya Nne

Jumamosi, 2 Agosti

Na hata hivyo, miwani ndiyo inayonimaliza. Hilo ndilo nililokuwa naliandika jana kalamu ilipogoma. Taban akivaa miwani, akikunja uso mbele ya karatasi zake, moyo wangu unamwagika kama maji ya ndoo iliyobebwa na boda. Ameondoka asubuhi kurudi Koboko, shuleni kwake. Kikombe chake sijakiosha. Kipo mezani mpaka sasa. Ujinga, najua. Acha uwe ujinga.

Nimeolewa. Naandika tena kwa sababu napenda kuliona hilo neno: nimeolewa.

Kazi ya leo, kuchapa. Nimemaliza sura ya tatu ya tasnifu yake. Yeye anaandika kwa mkono huko Koboko akipata nafasi baada ya vipindi, kisha ananiletea karatasi hapa Awindiri, mjini Arua, akija mwisho wa wiki. Mimi nachapa kwenye laptopu aliyotupatia kaka yangu siku ya harusi. Chuo kikuu sijakiona, niliishia sekondari, lakini kuchapa ndiyo kazi yangu dukani kwa Madam Zubeda: fotokopi, barua za kuomba kazi, kadi za harusi, programu za mazishi.

Vichwa vya sura nimevipamba kwa yale maandishi ya kujikunja tuliyotumia kwenye kadi yetu ya harusi. Vimependeza mno. Nani alisema elimu lazima iwe na sura ya huzuni?

Chuo kimoja cha ualimu hapa Arua kimemwahidi Taban kazi. Sharti ni tasnifu ifike kwa msimamizi wake, kwa PDF, kabla ya saa sita mchana Ijumaa tarehe 22, ili apewe barua ya uthibitisho. Barua ikipatikana, anahamia hapa. Nyumba moja, kila siku. Isipopatikana, kazi anapewa mwingine, naye anabaki Koboko na mimi nabaki na kikombe.

Itapatikana. Nitachapa mpaka vidole viote sugu.

Jumatatu, 4 Agosti

Sura ya nne. Shida.

Tasnifu inahusu familia za wanajeshi wa Midia, kijijini kwao Taban, jinsi zilivyokimbia vita na kuvuka mpaka, zikarudi baadaye na kukuta mashamba yao yanalimwa na wengine. Sura ya nne yote ni masimulizi ya mtu mmoja, na mtu huyo ni baba yake Taban. Baba mkwe wangu. Jina lake limo kila mahali, mstari hadi mstari.

Siwezi kuliandika.

Shangazi aliyenilea alinifundisha tangu nikiwa mdogo: mke hataji jina la baba mkwe wake. Hasemi wala haandiki. Mjini wengi wameacha, na siwalaumu. Lakini siku ya kutoka nyumbani, shangazi alinibana midomo kwa vidole vyake mbele ya wanawake wote, akasema, "Hapa jina yake haipiti." Niliitikia kwa kichwa, nikilia na kucheka. Lilikuwa jambo la kwanza nililolikubali nikiwa mke. Sitaki liwe la kwanza kulivunja.

Nimempigia Taban, nikamwuliza kwa ujanja kama mzee hawezi kupewa jina la kubuni. Akasema haiwezekani, mzee mwenyewe ndiye aliyekataa. Alimwambia, "Mimi nilikimbia kama mbuzi, hapana mutu aliniita jina mpaka nikarudi. Sasa andika jina yangu. Watu wasome."

Sikumweleza Taban shida yenyewe. Niliona haya, tena nilidhani nimepata dawa. Kila penye jina nimeacha nafasi tupu. Nabonyeza tu kile kitufe kirefu mpaka pengo linatosha. Atajaza yeye. Hata jaladani kuna pengo, maana jina la pili la Taban ni la baba yake. Nililipenda hilo jina kwenye kadi yetu, alipolichapa dada yangu. Nililitazama tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Imekwisha! Imekwisha, na ni nzuri kama bibi arusi!

Kila sura inaanza juu ya ukurasa wake. Nilishusha mistari mmoja mmoja mpaka ikafika. Orodha ya yaliyomo nimeichapa mwenyewe, na vile vidoto hadi ukingoni, kila namba mahali pake. Jina la tasnifu nimelirudia juu ya kila ukurasa. Picha ya ghala la mzee nimeiweka katikati kabisa. Ndivyo tunavyofanya dukani na hakuna aliyewahi kulalamika.

Nimemtumia Taban faili lote, na mioyo mitatu myekundu. Nimemwambia ajaze mapengo. Akauliza mapengo gani. Nikamwambia utayaona tu, mpenzi.

Natamani angekuwa hapa niuone uso wake akifungua.

Jumamosi, 9 Agosti

Taban hakuja.

Jana alijaza mapengo kwa simu yake, akatengeneza PDF hapo hapo kwenye simu, akaituma kwa msimamizi. Asubuhi Daktari, huyo msimamizi, amejibu. Taban amenitumia jibu bila neno lake mwenyewe, juu wala chini. Hata salamu. Hilo limeniuma kuliko jibu lenyewe.

Daktari ameandika kwamba hii si kazi ya kusomwa. Itengenezwe kwanza, ndipo ataitazama.

Nilifungua ile PDF jikoni, sufuria ikiungua. Vichwa vyangu vya kujikunja vimekuwa viboksi, viboksi vitupu vilivyopangwa kama matofali. Picha ya ghala imepanda juu ya maneno. Kila jina limejazwa, lakini nafasi zangu zimebaki nyuma yake, zikasukuma mistari, mistari ikasukuma kurasa. Sura ya tano inaanza chini kabisa, kichwa peke yake, halafu ukurasa mzima mweupe. Yale maneno ya juu ya kurasa yameteremka katikati ya habari. Pale mzee anaposimulia kifo cha mdogo wake njiani, jina la tasnifu limeingia kati ya sentensi kama mlevi msibani.

Na orodha ya yaliyomo inadanganya mwanzo hadi mwisho.

Nililia. Kisha nikala ugali na sehemu iliyoungua, kwa kujiadhibu.

Jumapili, 10 Agosti

Amekuja. Tumegombana. Ugomvi wetu wa kwanza.

Aliketi na laptopu, akawasha zile alama zinazoonyesha kila kilichobonyezwa. Ukurasa ukajaa vidoto kama umeota surua. Akausogelea. Halafu, "Ayiko, hivi vyote ni nini?"

Nikamwambia. Jina la baba yake siwezi kuliandika.

Nilidhani angeguswa. Nilidhani angenishika mkono, aseme kumbe nimeoa mke wa namna hii. Akavua miwani.

"Si useme? Wiki nzima unaniachia mashimo kama panya, kumbe hukuweza kusema?"

"Nilisema ujaze."

"Nilijaza! Nimeaibika! Andika tu, mke wangu. Baba hayuko hapa. Hatasikia."

"Mimi nitasikia."

"Basi nakili. Nitakutumia jina, unakili, unabandika. Huandiki."

"Nikibandika ni mkono gani umeliweka?"

Akasema mimi nataka kuwa mkwe mzuri kuliko kuwa mke mzuri. Alilisema polepole, kwa sauti ya darasani. Kisha akasali, akaondoka na gari la alasiri. Chai niliyompikia ikapoa.

Tunazungumza Kiswahili sisi wawili, kwa kuwa mimi ni Mlugbara niliyelelewa katika kambi ya jeshi na yeye ni Mkakwa. Sikuwa nimejua kwamba kinaweza kuchoma hivi.

Nampenda. Namchukia leo. Nampenda.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda kazini macho yamevimba. Madam Zubeda hana huruma na macho.

"Bibi arusi, asali imekwisha? Mapema hivi?"

Nikamwonyesha PDF. Aliipitia akitafuna simsim. "Hii kitabu iko na malaria. Angalia, inatetemeka." Kisha akaniuliza niliifanyaje, nikamweleza, akasema yeye angeifanya vile vile. Hilo lilinitisha. Kama Madam hajui, nani anajua?

Mchana nilijifungia nyuma na kutazama mafunzo kwenye simu. Mtu mmoja anazungumza haraka sana na kucheka peke yake. Nimeelewa robo. Ila robo hiyo imenitosha kuona kwamba nilijenga nyumba bila nguzo. Nafasi na mistari mitupu si nguzo. Ukiongeza neno moja mwanzoni, kila kitu kinaanguka mbele.

Nilimwandikia Taban ujumbe mrefu, nikaufuta.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeanza upya. Kila kitu.

Nimefuta nafasi zote, mamia ya nafasi, na mistari yote mitupu. Tasnifu ikasinyaa ikawa bonge moja la maneno. Niliogopa kama mtu aliyefumua nywele siku ya sherehe. Halafu nikaanza kujenga. Kuna amri ya kukata ukurasa. Ukiitoa mara moja, sura inayofuata inakwenda juu na haishuki tena. Kuna sehemu ya kuiambia kompyuta kwamba hiki ni kichwa cha sura, na hiki ni kichwa kidogo chini yake. Ukishaiambia, inaandika orodha ya yaliyomo yenyewe, namba na kila kitu. Yenyewe! Nilipiga kelele. Wateja wakageuka.

Maneno ya juu ya kurasa nayo yanaandikwa mara moja tu, yanatokea kote. Picha nimeifunga kwenye mstari wake. Ghala sasa linafuata habari ya ghala.

Maandishi ya kadi ya harusi nimeyaondoa. Nimeweka yale ya kawaida, ya kila barua ya serikali. Nilisikitika kuyaondoa. Ilikuwa kama kukwangua hina kwa kisu.

Taban ameniandikia: Umekula? Basi. Nikajibu: Nimekula. Basi.

Jumamosi, 16 Agosti

Nilijiona mwerevu mno. Ni hapo hapo nilipoanguka.

Badala ya mapengo niliweka alama, vile vinyota viwili, kila penye jina. Nikamtumia Taban faili na kumweleza: iambie simu itafute vinyota, iweke jina, mara moja kote. Alifanya. Alifanya bila kubishana, na hilo lilinipa tumaini. Akatengeneza PDF kwa simu yake, akanirudishia kwanza niitazame.

Imeharibika tena.

Si vibaya kama mara ya kwanza, lakini imeharibika. Simu haina maandishi niliyotumia, ikaweka yake, manene. Mistari ikaongezeka. Orodha ya yaliyomo ikabaki na namba za zamani. Lile jedwali pana la mashamba na wenyewe limekatwa upande wa kulia. Wenye mashamba wamebaki bila mashamba, kama katika habari yenyewe.

Taban alipiga. Sauti imechoka. Kompyuta ya shule ni mbovu tangu muhula uliopita. Duka la kuchapa pale Koboko lina programu nyingine. Faili likifunguliwa kule linajipanga litakavyo. Maana yake ni moja, na sote tuliiona. Jina lazima liingizwe kwenye laptopu hii, na PDF itoke kwenye laptopu hii.

"Basi liweke, Ayiko," akasema. Hakuwa mkali. Ingekuwa nafuu angekuwa mkali.

 Mtandao ulikatika, au alikata yeye. Sijui.

Jumapili, 17 Agosti

Hakuja. Hakupiga. Mvua.

Jumanne, 19 Agosti

Leo nilikuwa tayari kumpa Madam Zubeda laptopu alichape yeye. Nimebeba, nimefungua, nimempa kiti changu.

"Haya, jina ni gani?"

 Siwezi kumtajia. Siwezi kumwandikia kwenye karatasi. Nikamwonyesha kadi ya harusi, nikaweka kidole kando ya jina, nikatazama dirishani.

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika meza. "Ayiko! Hii jina? Hii jina ni ya baba ya bwana yangu! Ataweka nani? Tuite mutu ya boda?"

Wanawake wawili watu wazima, duka zima la kuchapa, na jina moja hatuliwezi. Nilicheka naye mpaka kicheko kikageuka kikawa kile kingine. Akanikumbatia kichwa kwenye tumbo lake, akasema bwana wake humwambia kila mwaka kwamba mambo hayo yamepitwa, naye kila mwaka humwambia, "Kwa wewe."

Kwa kweli tungeweza kumwita mtu. Mteja yeyote. Lakini nilipofikiri jina la mzee liingizwe na mpita njia, kwenye kitabu alichokisubiri hivyo, nikaona si sawa. Anayepaswa kuliandika ni mwanawe.

Siku tatu. Sijalala vizuri, sijala vizuri. Uso wangu kwenye kioo si wa mke mpya.

Alhamisi, 21 Agosti

Taban hawezi kuja. Wanafunzi wake wako kwenye mitihani ya mwisho wa muhula, na mkuu wa shule amesema mwalimu atakayeondoka asirudi. Daktari naye ameandika tena: kesho saa sita mchana, baada ya hapo anasafiri.

Niliketi na laptopu mapajani. Nilitafuta vinyota vyote. Nikaweka kidole juu ya herufi ya kwanza ya jina. Naijua herufi hiyo. Naibonyeza kila siku kwa maneno mengine. Nilifikiria nyumba moja. Nilifikiria Taban akirudi jioni, viatu vyake mlangoni, kila jioni. Hakuna ninachokitaka zaidi ya hicho duniani. Hakuna.

Kidole hakikushuka.

Basi ni hivi. Kama jina haliwezi kuandikwa na mimi, na Taban hawezi kuifuata laptopu, laptopu itamfuata Taban. Kesho naenda Koboko. Sijamwambia. Nikimwambia atanikataza kwa ajili ya nauli na mvua, nami nitatii kwa ujinga.

Nimeichaji mpaka imejaa. Madam Zubeda amenipa ruhusa kabla sijamaliza sentensi.

Ijumaa, 22 Agosti

Naandika haya nikiwa Koboko, chumbani kwa Taban.  Nitaandika kwa mpangilio.

Gari la kwanza lilichelewa kuondoka. Laptopu niliifunga kwa khanga mbili, nikaipakata njia nzima kama mtoto mchanga; mama mmoja akaniuliza ana umri gani. Koboko, boda. Matope. Nikafika shuleni sketi imelowa hadi magotini, nikaonyeshwa darasa, nikasimama dirishani.

Alikuwa akisimamia mtihani. Na miwani yake. Wanafunzi waliniona kwanza. Wakaanza kunong'ona, kisha kucheka, naye akageuka.

Sitasahau uso ule. Nitauandika hapa ili nisiupoteze: kwanza hofu, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Kisha akaona mzigo wa khanga. Akaelewa. Akaweka kiganja mdomoni.

Mwenzake mmoja, mwalimu wa hesabu, alikubali kumshikia darasa. Tukaingia ofisi ya walimu. Umeme haukuwapo. Betri ilikuwa imeshuka zaidi ya nilivyotegemea, sijui kwa nini, labda ilijiwasha ndani ya khanga. Hatukusalimiana vizuri. Hapakuwa na muda.

"Keti," nikamwambia. "Mimi nasema, wewe unabonyeza."

Nikamwonyesha mahali pa kutafuta vinyota. Nikamwonyesha mahali pa kuweka jina. Halafu nikageuka, nikautazama ubao wa ratiba ukutani. Nilisikia herufi zikibonyezwa nyuma yangu, polepole, moja moja. Ni jina la baba yake, nalo lilibonyezwa kwa heshima. Kisha akasema, "Tayari. Yote."

Mwalimu mmoja mzee aliyekuwa akinywa chai kona ile alitutazama. "Mwalimu, huyu bibi yako amekukasirikia? Mbona anaangalia ukuta?"

"Si mimi anayeniheshimu, mzee," Taban akasema. "Ni baba."

"Ehe! Na wewe je?"

"Mimi naomba tu."

Wote wawili wakacheka. Mimi bado nilitazama ratiba. Sikucheka, nilikuwa nalia.

Nikageuka. Nikamwambia asasishe orodha ya yaliyomo. Namba zikajipanga zenyewe. Tukapitia kurasa zote, yeye akisoma kwenye majina, mimi nikitazama kingo na kuyaruka kwa macho. Sura zimekaa juu. Ghala liko mahali pake. Lakini lile jedwali la mashamba lilikuwa bado limekatwa kulia! Nilikuwa nimelisahau kabisa. Betri nyekundu. Nilimnyang'anya mashine, nikaulaza ukurasa ule ubavu, huo mmoja tu, jedwali likanyooka na wenye mashamba wakapata mashamba yao. Nikachagua kuhifadhi kwa PDF, nikaweka alama pale panaposema maandishi yapachikwe ndani ya faili, ili yasibadilike popote litakapofunguliwa. Nikabonyeza.

Tukaifungua. Tukaifungua pia kwenye simu yake. Ilikuwa ile ile, ukurasa kwa ukurasa.

Taban akaituma saa tano na dakika kadhaa. Laptopu ikazimika tukiwa bado tunasubiri. Kisha simu ikalia: Daktari ameandika, Imefika, inafunguka, imepangika. Maneno matatu. Nimeyasoma mpaka yamekosa maana.

Hapo ndipo Taban aliponisalimia vizuri. Mwalimu wa chai alitoka nje kwa adabu. Sitaandika zaidi.

Alasiri Taban alimpigia baba yake, spika ya simu ikiwa wazi. Nilisikia sauti ya mzee na magoti yangu yakashuka yenyewe, pale pale sakafuni, ingawa hanioni. Taban akamweleza yote, mashimo, viboksi, khanga, ukuta. Nilitaka kuingia chini ya kitanda.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kutoka Arua?"

"Kutoka Arua, Baba."

"Amebeba jina yangu kutoka Arua mpaka Koboko, na haishiki?"

"Hajaishika."

Nikasikia akicheka, kicheko kirefu cha mtu mwembamba. "Huyo mutu nataka kuona na macho yangu. Mwambie, mama yako iko natafuta kuku tayari."

Jumatatu, 25 Agosti

Nimerudi Awindiri. Anga safi. Nimefua, nimeanika, nimefagia uani.

Barua ya uthibitisho imetumwa asubuhi. Taban ataipeleka chuoni mwenyewe shule zikifungwa. Hatujui watasema lini aanze. Tumekubaliana kutoliulizia kila siku. Mimi nitaliulizia moyoni tu.

Aliniomba radhi kwa lile neno kuhusu mke na mkwe. Nami nikamwomba radhi kwa kunyamaza wiki nzima. Hatukumaliza yote. Bado anaona ningeweza kubandika. Bado naona nisingeweza. Tumeliacha hapo, nalo halituumi kama lilivyotuuma.

Nimechapisha nakala moja dukani, kwa karatasi nzuri. Madam Zubeda alishona upande mwenyewe na kukataa kusoma jalada. Sura ya nne nimeipitia kwa kuifunua haraka. Mahali pote palipokuwa na pengo sasa kuna wino.

Mama mkwe amepiga simu mchana. Anauliza kama mimi hula kuku kwa karanga au bila, na kama nitaogopa njia ya Midia wakati wa mvua. Nikamwambia siogopi, Mama. Nikamwambia tutaleta kitabu, Taban atamsomea mzee, nami nitakaa jikoni nisikilize kupitia mlango. Akauliza, lini sasa, maana mzee anauliza kila asubuhi. Nikamwahidi: mwezi huu hautaisha kabla hatujafika.